Siku ya Kumpima Meneja

Kila mchana Losa akitoka shule alipitia kiwandani kumpelekea baba yake majimbi na samaki. Kiwanda cha tui la makopo kilikuwa kijijini kwao, Samoa, na baba yake, Tavita, ndiye aliyekuwa meneja. Tena alikuwa chifu. Ukipita mbele yake ameketi, unainama.

Wiki hiyo mambo yaliharibika kiwandani. Mashine ya kukunia nazi ilikuwa imevunjika kinga yake, na baba alikataa kuisimamisha, asije akapungukiwa makopo siku ya kupimwa kazi yake. Jumatatu ikamkata shangazi Sieni, aliyefanya kazi hapo, kidole kizima cha mkono wa kulia na kumjeruhi cha pili. Akafungwa kitambaa tu.

"Hospitali wataandika habari hii," baba alisema. "Atakayeuliza, aambiwe kajikata na panga nyumbani. Losa, umenisikia?"

"Ndiyo, Baba."

Losa aliona uchungu. Sieni ni dada wa baba, na kwao kaka humheshimu dada yake kuliko mtu yeyote. Loo! Leo kaka mtu anamficha dada kama kitu cha aibu!

Ijumaa akaja Bi Makerita kutoka ofisi kuu. Kila mwaka wafanyakazi walikusanywa, na walioridhika na meneja wao wakanyosha mikono. Tavita hakuwahi kukosa alama hata moja. Safari hii Bi Makerita alikuja kuchunguza kipimo chenyewe, kwa sababu alama hizo zilikuwa nzuri mno.

Wafanyakazi waliketi mikekani. Tavita alikaa mbele yao, kifua mbele, na Losa akawa anagawa chai.

"Anayeridhika na meneja anyoshe mkono," alisema Bi Makerita.

Mikono yote ikapanda. Sieni alinyosha wa kushoto. Wa kulia aliuficha chini ya khanga.

"Mama, meneja anakutendea vyema?" Bi Makerita akamuuliza.

"Sana," akajibu Sieni, jasho likimtiririka.

"Nani amseme, naye katutolea macho pale? Thubutu!" mama mmoja akanong'ona nyuma.

Losa akaweka birika chini. "Shangazi, nyosha na ule mwingine."

"Losa!" baba akafoka. "Tangu lini mtoto akasema mbele ya wakubwa?"

"Ni mashine iliyomkata, Baba. Si panga!" Losa akaangua kilio.

Sieni akautoa mkono taratibu. Kitambaa kilikuwa kimelowa usaha. Bi Makerita akavunja mkutano, akampeleka hospitali papo hapo. Kidole cha pili nacho kikakatwa. Daktari alisema kingepona kama angeletwa mapema.

Mashine ikafungwa kinga, na Tavita akaondolewa umeneja. Tangu hapo wafanyakazi husikilizwa mmoja mmoja, meneja akiwa hayupo, na walioumia huulizwa kwanza. Nyumbani, baba hakumsemesha Losa wiki nzima.

Jumapili alfajiri Losa alimkuta baba ameketi chini nje ya nyumba ya Sieni, amejifunika mkeka gubigubi, kama wafanyavyo Wasamoa wanapoomba msamaha wa kosa kubwa. Mvua ilimnyeshea. Sieni alimwacha mpaka jua likatoka, ndipo akashuka, akauondoa mkeka kwa mkono wake wa vidole vitatu.

"Inuka, kaka. Nimekusamehe," alisema. "Lakini hata mimi nilinyosha mkono siku ile. Tulikuwa tunakuogopa, wewe ukadhani tunakusifu."

Kisha akamgeukia Losa, akamvuta karibu.

"Na wewe mwanangu, umesema kweli, ahsante. Siku nyingine usingoje Ijumaa."