Karatasi Niliyomwandikia Bonareri Kabla ya Mfangano

Nilisimama mlangoni mwa jikoni, beseni la vyombo mkononi, na macho yangu yakaona kitu ambacho sitakisahau mpaka kaburini!

Mama yake Elkana, mpenzi wangu wa miaka miwili, alikuwa anamfunga msichana mwingine leso kiunoni.

Leso ya mama mwenyewe!

"Huyu sasa ni mtoto wa hapa," mama akasema. Wanawake wakapiga vigelegele.

Msichana huyo ni Bonareri. Na jamani, mniwie radhi... aliyemfikisha pale ni mimi, kwa mkono wangu huu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa Agosti 1994. Mimi naitwa Dolphine, mzaliwa wa Homa Bay, na wakati huo nilikuwa nashona nguo sokoni Migori. Elkana alikuwa mwalimu wa kwaya yetu ya Wasabato. Kwao ni kisiwani, Mfangano. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Tulipendana kimyakimya, na hata siku moja hakuwahi kunipeleka kwao.

Ndipo akaja Bonareri, Mkisii wa sauti ya kwanza. Anacheka na kila mtu. Na Elkana ndiye anacheka naye zaidi... ama ni macho yangu tu? Sijui. Nilikuwa nahesabu kila kicheko.

Kwaya ikaalikwa makambi ya kanisa kule kisiwani. Elkana akasoma orodha ya mahali pa kulala.

"Bonareri, utalala kwa mama yangu."

Nikangoja jina langu.

"Dolphine, wewe utalala kwa Waya Roseline."

Waya ni shangazi, dada ya babake. Yaani mimi kwa shangazi, yeye kwa mama? Wadau, wivu uliniwaka!

Halafu Elkana, bila kujua, akanipa kisu mwenyewe.

"Dolphine, wengi hapa hawajawahi kufika kisiwani. Wewe ni wa huko ziwani, unajua mila zetu. Waandikie mambo ya kuzingatia."

"Hakuna shida," nikasema, nikitabasamu.

Wengine niliwaandikia ukweli mtupu. Vaa kandambili, maana boti haifiki nchi kavu na utashukia majini. Beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Salimia kila unayepita naye. Chakula cha kwanza usikatae hata kama umeshiba, onja tonge moja. Na usiogee mahali watu wanachota maji.

Ya Bonareri nikaiandika kando.

"Bona, hii ni siri ya kupendwa huko. Ukifika tu usikae. Ingia jikoni kwa mama, shika mwiko, songa ugali bila kuulizwa. Na ukiletewa kuku, omba firigisi."

Mnaojua mila zetu mmeshashika kichwa! Mgeni wa siku ya kwanza hashiki mwiko wa mwenye nyumba, ni kama kumwambia hajui kupika. Na firigisi ni ya mzee wa boma, mwanamke haombi!

Nikalala usingizi mtamu. Nikasema, huyu atarudishwa Migori na boti ya kwanza.

Tulifika Jumatano. Mimi kwa Waya Roseline nilikuwa nimenuna tu. Chai nikaiacha ikapoa. Akiniuliza kitu najibu neno moja, masikio yangu yako boma la pili.

"Nyathina, mwanangu, unaumwa?" Waya akaniuliza.

"Hapana."

"Basi njoo tuchambue mboga."

"Nimechoka na safari."

Akaniangalia sana, kisha akaenda kuchambua peke yake. Siku tatu hivyo hivyo.

Na huko kwa mama je? Wee! Kumbe mama alikuwa ameungua mkono juzi yake, umefungwa kitambaa, wageni sita wanakuja na hajui nani atawapikia. Bonareri akaingia, akashika mwiko, akasonga ugali wa watu wote!

Kuku akaletwa.

"Mama, mimi naomba firigisi."

Watu wakatazamana. Kisha mama, mjane wa miaka minne, akacheka mpaka machozi.

"Tangu mzee afariki hakuna mtu ameniitisha firigisi katika nyumba hii! Chukua, nyathina. Chukua!"

Jumapili tukaitwa huko kula kabla ya kuondoka. Ndipo nikakuta ile leso. Na Bonareri aliponiona, akanikimbilia akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye wa kushukuru! Bila karatasi yake ningeaibika!"

Akaitoa. Akampa Elkana asome.

Elkana akasoma. Akarudia. Akainua macho, akaniangalia mimi... kisha akaikunja akaitia mfukoni.

Nje, karibu na zizi, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, Dolphine?"

"Ulimpeleka kwa mama yako! Mimi ukanitupa kwa shangazi!"

"Nilikutupa?" akarudia. "Msichana ninayetaka kuoa analalaje kwa mama yangu kabla ya posa? Wewe, nyar Homa Bay, binti wa huko huko, hata hilo ulisahau? Waya ndiye alikuwa akuangalie, kisha apeleke maneno kwenu."

Nilijua mila za kumwangusha mwenzangu, ile iliyonihusu mimi nikapita juu yake!

"Waya amesema nini?" nikauliza.

"Amesema hajapata kuona msichana mwenye moyo mzito kama wako. Nilikuwa nakutetea... mpaka nikasoma karatasi."

Mwaka uliofuata Waya Roseline alipeleka maneno ya posa. Kwa akina Bonareri.

Ndugu zangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Wivu ukikushika, uliza swali kabla hujashika kalamu. Swali moja tu lingenipa mume.

Elkana hakumwambia mkewe kamwe. Kila Desemba Bonareri hunitumia samaki wakavu kutoka kisiwani, na salamu: "Kwa dada yangu aliyenifundisha kuishi na watu wa huku."

Nawala nikilia.

Bona, kama unasoma hapa leo, haikuwa wema. Nisamehe.