Alichokisikiliza Kirezi

Waya wa earphone za Kirezi haukuwa umechomekwa popote. Yasmina aliuona alipoinama kuokota bobini iliyodondoka: ulishuka kifuani mwa yule binti, ukapita juu ya mapaja yake, ukaning'inia chini ya cherehani, ncha yake ikigusa sakafu. Na bado Kirezi alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyenogewa.

Yasmina akaiokota bobini, akarudi kwenye kazi yake. Alidhani simu imeisha chaji na binti anaona haya kusema. Kirezi alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ameshuka kutoka kijijini Mudende, Kiswahili chake cha kuokoteza, na akicheka alificha mdomo kwa kiganja.

Chumba chao cha ushonaji pale Mbugangari kilijulikana kwa muziki kuliko kwa nguo. Kila adhuhuri, chai ikiletwa, vyerehani vilinyamaza na mmoja wao akauliza, "Uko nasikiliza nini?" Basi kila mtu alitaja wimbo wake, akampa mwenzake earphone moja aonje. Hakimu, binamu yake Yasmina, habanduki kwenye taarabu. Sano, aliyekulia Uganda, ni mtu wa rege. Mutesi, mwenye mimba kubwa, aliimba nyimbo za kwaya hata akipima watu viuno. Yasmina mwenyewe, mwenye chumba, alikuwa na rumba alizoachiwa na baba yake. Walikuwa wanabezana, wanacheka, kisha wanarudi kazini.

Siku hiyo Mutesi ndiye aliyegeuka. "Na we, Kirezi? Uko nasikiliza nini?"

"Mzee anapumua," Kirezi akasema.

Wenzake wakacheka. Yasmina hakucheka, kwa sababu jibu lile lilikuja kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya koo.

"Yuko ng'ambo ya barabara. Anakaribia mwisho. Hapo ndipo panaponoga."

Ng'ambo ya barabara alikaa mzee Hitimana, fundi viatu, mzima kabisa. Asubuhi alikuwa amewatania. Kabla vikombe havijaoshwa, wakasikia mke wake akipiga yowe.

Baada ya mazishi hakuna aliyeuliza tena mtu anasikiliza nini. Kirezi alikuja kazini, akashona, akakumbuka kusalimia. Lakini chumba kilishikwa na harufu ya kitambaa kinachoungua, nayo pasi ilikuwa baridi. Na kila Sano alipowasha redio ili wasikae na ule ukimya, sauti za waimbaji zilikonda, zikafifia, zikabaki mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo ile, ukitega sikio vizuri, uliweza kusikia mtu akivuta pumzi kwa pua, polepole, kama anayenusa chakula kabla ya kula, na ukigeuka ulimkuta Kirezi ameinua uso, akikutazama bila kupepesa, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani kisicho na uzi.

Kisha adhuhuri moja akasema mwenyewe, "Leo hamniulizi?"

Sano akakanyaga cherehani chake kwa nguvu zaidi.

"Nasikiliza moyo wa mtoto wa Mutesi. Unadunda mbio, mbio." Akafumba macho. "Sasa umepunguza."

Mutesi akashika tumbo kwa mikono miwili. "Yasmina," akanong'ona, "mutoto hachezi. Mana yanjye, Mungu wangu, mutoto hachezi!"

Walijaribu kumwinua wampeleke hospitali. Miguu yake ikalegea kama ya mtu aliyelala. Hakimu akamvuta Yasmina pembeni. "Tumutoe huyu shetani inje. Tumupeleke kwa mupaka, Grande Barrière, avuke, akafie huko mbele."

"Huyu ni mutoto ya watu, Hakimu. Si yeye anaongea. Sano! Panda pikipiki, lete Bibi Mukarugwiza. Mbio!"

Bibi Mukarugwiza, mjane wa Kiislamu aliyesomea mambo ya majini, hakusalimia alipoingia. Alifungua pasi ya makaa, akamwaga ubani juu ya moto, akaizungusha mbele ya uso wa Kirezi huku akisoma. Kirezi akakoroma. Waya ukajisokota wenyewe shingoni mwake.

"Nani aliyekuleta?" Bibi akauliza.

"Sikuletwa. Nilikuwa nimetulia ndani ya huyu, nasikiliza. Hawa waliniuliza. Nikawaonjesha."

"Hakuna anayekuuliza sasa. Toka!"

"Nitoke niende wapi? Nimezoea sikio." Ile sauti ikacheka, na vyerehani vyote vikaanza kuzunguka, sindano zikipanda na kushuka bila nguo wala mguu. "Moyo umebaki kidogo sana. Sikilizeni nanyi."

Mutesi akatoa mlio ambao Yasmina hakuwahi kuusikia kwa mwanadamu. Hapo akili ikamruka Yasmina. "Kamata yangu!" akapiga kelele. "Wachana na mutoto, kamata sikio yangu!"

"Nyamaza we!" Bibi akamziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Kitu baridi kama maji ya ziwa kikapita kando ya shavu la Yasmina. Vyerehani vikasimama. Kirezi akaanguka kifudifudi, akilia kwa Kinyarwanda, akimwita mama yake. Na Mutesi, jasho likimtiririka, akaweka kiganja tumboni, akaanza kucheka na kulia pamoja. Mtoto alikuwa amepiga teke.

Alizaliwa salama, msichana mnene mwenye sauti kubwa. Kirezi hakukumbuka lolote; kaka yake alikuja kumrudisha Mudende. Yasmina ndiye aliyebaki na deni: sikio lake la kushoto likafa. Bibi alilipaka mafuta, akalipulizia dua, hata akapiga makofi karibu nalo. Kimya. "Kimeondoka," Bibi akasema, "lakini kimechukua malipo yake. Shukuru."

Yasmina alishukuru. Akafungua tena chumba, wateja wakarudi, hata Hakimu akaanza kupiga mluzi. Adhuhuri moja, akiwa ameinamia kitenge akichora kwa chaki, akasikia mwanamke akibisha kwa adabu.

"Hodi. Naweza kuingia?"

"Karibu, mama," Yasmina akajibu bila kuinua kichwa. "Ingia, kaa."

Sano akasimamisha cherehani chake. "Dada," akasema taratibu, "unamkaribisha nani?"

Yasmina akainua macho. Mlangoni hapakuwa na mtu, na pazia lilikuwa limetulia. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye sikio la kushoto. Ndilo lililosikia.