Tone Moja la Mursik

"Uji umeepuliwa," sauti ilisema kwenye simu.

Lazarus Wabuge aliacha chai yake mezani pale mtaa wa Pioneer na kutoka mbio. Maneno hayo mawili yalikuwa na maana moja tu. Chachu ya Dkt. Musimbi, mtafiti wa maabara, ilikuwa imeibwa.

Gari lake, Forester, lilinguruma. Akachomeka kisikizi sikioni.

"Ni nani, Afande?"

"Kipkoech, yule fundi wa maabara," Mulongo, mkubwa wake, alijibu. "Amemwaga Jik, ile dawa ya kuua viini, kwa matangi yote ya chachu, akabeba chupa ya mwisho. Ako na Probox nyeupe, anaenda airport."

Probox nyeupe Eldoret ni nyingi kuliko kuku. Lakini asubuhi hiyo, barabara ya Kisumu, moja tu ilikuwa ikipita malori upande wa kushoto huku ikirusha changarawe. Lazarus aliiona, akakanyaga mafuta.

Mita mia tatu.

Mita mia mbili.

Trela la mahindi likaingia katikati, Probox ikapotea. Lazarus alitukana kwa Kibukusu, matusi ambayo mama yake angemzaba kofi kwa ajili yake.

Ndiyo, mama yake. Hapo ndipo roho ilipokuwa ikimuuma.

Wakulima wa Chepsaita walikuwa wakileta maharagwe maabara, na Musimbi alikuwa na bakteria wake wa ajabu, chachu aliyoipata baada ya miaka sita ya kutafuta. Chachu hiyo ilikata protini ya maharagwe vipande vidogo sana, vinavyoitwa peptidi. Vilikaushwa vikawa unga, na unga ukatiwa kwenye uji wa wazee ambao misuli ilikuwa imewayeyuka mapajani. Wazee arobaini walikuwa kwenye majaribio. Mmoja wao alikuwa Tryphosa wa mtaa wa Munyaka, mamake Lazarus, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akibebwa kutoka kitandani hadi kitini. Mwezi uliopita alishika kabati, akasimama, akaanza kugomba kwamba vikombe vimeoshwa vibaya. Lazarus alitoka nje akalilia nyuma ya tangi la maji. Jasusi mzima, na bunduki kwapani.

Sasa Musimbi aliingia kwenye laini. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Usiifungue, Lazarus. Inaishi tu kwa chombo kimechemshwa, kimefungwa. Bakteria ingine yoyote ikiingia, hata tone moja la mursik, maziwa ya kuganda ya nyumbani, kufika jioni haiko."

"Utatengeneza ingine?"



"Ile ilikuwa bahati. Sijui kama nitaipata tena."

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Binti mmoja, Chelimo, alikuwa akirudi na ushindi wa marathoni, na akina mama walikuwa wamejipanga na vibuyu vyao vyenye shanga, wakiimba. Mkimbiaji akitua hapa, huonjeshwa mursik kabla hata hajasalimia waandishi wa habari. Lazarus aliegesha, akavaa miwani ya jua, akatoa darubini yake ndogo ya Nikon.

Akaiona Probox kwanza, kisha Kipkoech. Kando yake alisimama mzungu mrefu wa suti ya kijivu, na walinzi wawili wenye shingo nene. Mzungu huyo alikuwa amevaa kibuyu kifuani, mkanda wa ngozi umefungwa kwa kufuli. Kilikuwa kibuyu kizuri, kipya, kimeshonwa shanga nyekundu na nyeupe.

Akili ya Kipkoech ilikuwa hapo. Nani atauliza mgeni anayetoka Eldoret na kibuyu cha mursik? Ndani yake chachu ya ile chupa ingekaa kwenye maziwa yaliyochemshwa, hai na yenye joto, mpaka ng'ambo.

"Afande, chachu iko kwa kibuyu cha mzungu wa suti ya kijivu. Namchukua."

"Hapana," Mulongo alisema. "Huyo tunamjua, ako na pasipoti ya kidiplomasia. Usimguse hata na kidole."

"Zuia ndege."

"Nimepiga kila mahali. Itaondoka baada ya dakika kumi na mbili."

"Sasa nifanye nini?"



"Isitoke ikiwa hai, Lazarus."

Simu ikakatika.

Alikuwa na Glock 19 yenye risasi kumi na tano. Alikuwa na kalamu inayokata chuma na saa inayorekodi sauti. Vifaa vya maelfu ya dola, na vyote havikumsaidia lolote. Alifikiria kukata mkanda na kukimbia, lakini walinzi wangemmaliza kabla ya hatua ya tatu. Alifikiria kuiacha iende. Hilo alilifikiria kwa muda mrefu kuliko jasusi anavyoruhusiwa. Kule chachu ingeishi. Wakubwa wa yule mzungu wangeifanya yao, wangeuza makopo kwa bei ambayo mzee wa Munyaka angeisoma tu na kucheka, lakini ingeishi.

Alitembea hadi kwa akina mama.

Mbele yao alisimama Mama Jepkemboi, nyanya ya Chelimo, kibuyu chake kimeiva weusi wa moshi, wa mkaa unaopakwa ndani ya vibuyu vya mursik, na wa miaka. Lazarus alivua miwani, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising, kijana."

Alimweleza polepole kwamba yule mgeni anaenda kwao na kibuyu kipya, na hakuna mzee hata mmoja aliyemtilia kitu cha nyumbani kwake. Anaondoka Uasin Gishu na maziwa ya dukani. Mama Jepkemboi alimtazama mzungu kuanzia viatu mpaka kichwani, akasikitika kwa dhati.

"Hiyo ni aibu yetu," alisema, akaenda.

Akina mama wakamfuata, wakiimba.

Walinzi wakashika bunduki viunoni. Walinzi wamefundishwa kuzuia watu wabaya. Hawakufundishwa lolote kuhusu wanawake kumi na wanane wanaocheka. Mzungu akatabasamu, kwa sababu Kipkoech alikuwa amemfunza kwamba wazee wakikusimamisha, unatabasamu, usionekane mwenye jambo. Mama Jepkemboi akashika kibuyu cha mgeni, akavuta kifuniko, akachungulia ndani.

"Mursik nyeupe hivi? Haijaona mkaa hata kidogo. Nani alikutengenezea?"

Kipkoech alikuwa umbali wa mkono mmoja. Mkono mmoja tu, basi. Angeweza kukipokonya, angeweza kumsukuma. Mtu aliyeua kazi ya miaka sita kwa Jik bila kupepesa alinyanyua mkono wake, ukabaki hewani. Alikuwa mtoto wa huku. Hakuweza kumnyang'anya mama wa rika la mamake kibuyu mbele ya watu.

"Mama, tafadhali," ndilo pekee lililomtoka.

Mama Jepkemboi alikuwa amekwisha inamisha kibuyu chake. Maziwa ya kijivu yenye chembe za mkaa yakaingia kwenye yale meupe. Akarudisha kifuniko, akapiga kibuyu kofi dogo, akamtakia mgeni safari njema.

Mzungu alimshukuru. Hakuwa amejua lolote. Akapanda ndege na mzoga kifuani.

Lazarus alimfunga Kipkoech pingu nyuma ya Probox. Huyo hakuwa na pasipoti ya kidiplomasia ya kumlinda.

"Unajua umefanya nini?" Kipkoech aliuliza. Hakuonekana mwenye hasira, macho yake yalikuwa mekundu tu. "Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Najua."

"Mama yako ako kwa ile list ya wazee. Niliona jina."

"Najua."

"Kule ingeishi, Wabuge."

Lazarus aliwakabidhi polisi mtu wao, akamwambia Mulongo maneno mawili kwenye simu, "uji umemwagika," na Mulongo akampongeza. Nyuma yake Chelimo alitokea mlangoni, na shangwe ikapanda.

Akaanza kuvuka maegesho polepole, miwani usoni, mikono mifukoni. Ukimtazama kwa mbali ungesema hana shida duniani. Nyumbani, kwenye kopo, palikuwa na unga wa mamake wa siku kumi na moja tu, na baada yake hakuna mwingine.

Simu ikalia.

"Lazaro, baba," Tryphosa alisema, akihema kwa furaha. "Nimefika kwa geti. Peke yangu, hata fimbo sina. Jumapili ya mwisho wa mwezi, wiki tatu zijazo, nataka nitembee mpaka kanisani, wanione."

Alisimama katikati ya magari.

"Usingoje hiyo Jumapili, mama," alisema. "Enda leo."

Akakata simu, akafungua mlango wa Forester, akaondoka.