Mlango 2626

Jumatatu, 18 Novemba, saa tatu asubuhi, Zulhumor alisimama mbele ya duka la mpinzani wake mjini Margilon. Hariri iliyotundikwa dirishani ilikuwa na nakshi mpya za Zulhumor mwenyewe, ambazo alikuwa amemtumia mnunuzi mmoja tu, kwa barua pepe, tarehe 5 Septemba.

Saa tano, Mavluda, mpelelezi mstaafu wa polisi, aliyeitwa na Zulhumor, alikuwa karakanani kwake mbele ya kompyuta.

"Ni Bahrom tu," alisema Iroda, aliyesoma na Zulhumor tangu darasa la kwanza na kumwendeshea ofisi miaka kumi na tisa. "Mfumaji yule aliondoka kwa matusi."

"Lini?"

"Tarehe 30 Agosti."

Mavluda alifungua mipangilio, kioo akikigeuzia upande wake peke yake. Barua zinazotoka zilipaswa kupitia seva ya kampuni yao, mlango namba 587, ile njia ya mtandao inayopitishia barua. Sasa zilipitia seva ngeni, mlango 2626. Huko zilinakiliwa kwanza, ndipo zikaendelea kwa aliyeandikiwa. Mabadiliko yalifanywa tarehe 3 Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

"Bahrom alikuwa ameshaondoka," alisema. "Nani mwingine hugusa mashine hii?"

"Mimi huandika barua tu," Iroda alijibu. "Mambo ya seva? Hata sijui yanafananaje!"

Mavluda akatoa kompyuta yake ya mkononi. "Basi tujaribu humu, nione barua zinakwenda wapi. Nisaidie kuandika, mdogo wangu, macho yangu mabovu." Akamsomea jina la seva ile ngeni, kisha akapapasa karatasi yake. "Aa, namba ya mlango sikuiandika."

"2626," alisema Iroda, vidole vikiandika.



"Nani kakutajia?" Mavluda aliuliza taratibu. "Mimi sijaitamka."

Iroda aliondoa mikono mezani. "Nusu ya nakshi zile nilichora mimi, Zulhumor. Jina langu liko wapi? Wapinzani wako waliahidi kuliandika."

"Si ungeniambia? Ungenitukana hata mbele za watu! Umekula kwangu, umenilelea mwanangu..."

Iroda alichukua mkoba wake. Mavluda akarudisha mlango 587 kwenye kompyuta ya karakana. Kompyuta ikadai nenosiri. Zulhumor alibaki anaitazama, hakuwahi kulijua.

"Jina la mwanao," alisema Iroda mlangoni, bila kugeuka. "Na mwaka aliozaliwa."