Nukta Tatu za Chapchap

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wenzake wakikimbilia uwanjani, Chapchap alikimbilia chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, maana kila kitu yeye ni chapchap. Anakula chapchap, anaosha vyombo chapchap, sabuni inabaki kwenye vikombe.

Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta tisa. Mbili zilikuwa zimeng'oka herufi A, ukitaka A unachokoa kijishimo kwa ncha ya kalamu. Lakini humo ndimo klabu yao ya kompyuta ilimotengenezea tovuti ya zahanati ya mtaani, na mtaa mzima uliisoma kwenye simu! Nesi anaandika tangazo kwenye karatasi, Chapchap analichapa, basi.

Shida ilikuwa visanduku vya ukurasa wa mbele. Ni vidogo, na matangazo ya nesi ni marefu, yanamwagika nje kama nguo kwenye sanduku lisilofungika. Mwalimu wa kompyuta akamfundisha kuandika kisaidizi. Kisaidizi ni kipande kifupi cha maagizo. Unakiandika mara moja, halafu kila ukurasa unakiita kwa jina kikaufanyie kazi, kama unavyomwita mdogo wako akuletee kandambili. Kuna cha kupanga tarehe, kuna cha kukuza herufi ya kwanza. Cha Chapchap kilikuwa cha kukata maneno.

"Kikifika herufi ya arobaini kikate, kisha kiweke nukta tatu," mwalimu alimwambia. "Hizo nukta zinamwambia msomaji: ngoja, sijamaliza, bonyeza hapa uone yaliyobaki. Usije ukazitoa. Umenipata?"

"Nimekupata, mwalimu."

Kikafanya kazi siku hiyohiyo. Chapchap aliruka juu mpaka kiti kikaanguka.

Sasa darasani kulikuwa na kijana mmoja wanamwita Kejeli. Alichungulia ile kazi, akaziba pua. "Dada, huu ukurasa mjusi kaupitia? Mbona vinyesi vitatu vitatu kila mahali?"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Chapchap alicheka nao, lakini mashavu yalikuwa ya moto. Walipotoka, alirudi peke yake, akafungua kisaidizi, akafuta nukta. Ukurasa ukawa msafi kama sahani.

Jumatano nesi alileta karatasi: *Maji ya bomba yamerudi na yanafaa kunywa baada ya kuchemshwa, mpaka mafundi wamalize kusafisha mabomba.* Chapchap akachapa chapchap, akaikunja karatasi ndani ya daftari, akaenda zake. Ukurasa wa mbele hakuutazama.

Ijumaa mdogo wake, yule wanayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, aliamka anatapika. Mpaka saa nne alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Mama akambeba mgongoni, Chapchap akafuata nyuma na beseni.

Zahanati ilijaa. Watoto wawili wawili kitandani, wengine kwenye benchi. Jirani yao, dereva wa lori, alikuwa amembana nesi mlangoni.

"Ulituambia maji yanafaa!"

"Baba, mimi niliandika yachemshwe."

"Wapi? Nionyeshe wapi!" Akamsogezea simu usoni. "Soma mwenyewe!"

Mkono mmoja wa nesi ulishika chupa ya dripu, mwingine ulimshika mtoto wa watu. Akasoma. Akarudia kusoma.

Chapchap naye alisoma, kwa pembeni. *Maji ya bomba yamerudi na yanafaa kunywa*. Basi. Hakuna kingine. Akahesabu herufi kwa vidole kwenye ukingo wa beseni, pamoja na nafasi katikati ya maneno. Arobaini kamili.

Alingoja moyo udunde. Haukudunda. Alingoja machozi, hayakuja. Alihisi kama mguu uliolaliwa, unaugusa unajua ni wako, lakini kama si wako. Ganzi tupu, kuanzia kichwani.

"Shika beseni vizuri, mwanangu," mama akasema. Akashika vizuri.

Siku mbili zilizofuata alikula akiambiwa ale, alilala akiambiwa alale. Kitinda alikuwa bado kwenye dripu. Kejeli alimtania njiani kuhusu soksi zake, hakumsikia. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, aliingia chumba cha kompyuta, akazirudisha nukta tatu. Hakuna aliyemwona. Yameisha, akajisemea, ingawa ndani hakukuwa na mtu wa kuitika.

Hayakuisha! Mchana, Chapchap alipokuja nyumbani kula, mama alirudi kutoka zahanati, akavua kandambili mlangoni, akakaa hapohapo chini.

"Watu wana mambo! Dereva aliupiga picha ule ukurasa siku ile. Leo ameufungua tena, kuna nukta, na ukibonyeza, maneno ya kuchemsha yapo. Anasema nesi ameyapachika usiku ili ajifiche. Daktari amemwita kikaoni saa tisa. Akionekana amedanganya, anaondoka. Na ndiye aliyekesha na Kitinda, masikini!"

Chapchap alitazama ukuta. Karatasi ya nesi ilikuwa ndani ya daftari, daftari ndani ya begi, begi miguuni pake. Angeweza kuichana. Ingechukua sekunde moja, chapchap.

"Mama," akasema. "Nisindikize."

Ofisi ya daktari ilikuwa na viti vitano na watu kumi. Mwalimu wa kompyuta naye alikuwa ameitwa. Nesi alisimama pembeni, amevua kofia, ameishika kama mgeni. Chapchap aliiweka karatasi mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Nesi aliandika hivi. Mimi ndiye nilitoa nukta, kwa sababu walinicheka. Leo asubuhi nimezirudisha kimyakimya. Nesi hajagusa kitu."

Sauti yake ilikuwa bapa, kama anasoma orodha ya mahudhurio. Dereva alitazama karatasi, akatazama simu yake, akaizima. "Mtoto huyu!" akanong'ona. Kisha akamgeukia nesi. "Dada yangu, nimekukosea."

"Nilikukataza, sikukukataza?" mwalimu akauliza.

"Ulinikataza, mwalimu."

"Na mimi sikukagua. Hilo ni langu." Akamvutia kompyuta ya daktari. "Haya, kaa. Polepole."

Mbele za watu wote Chapchap akaongeza agizo kwenye kisaidizi chake: tangazo lolote la afya lisikatwe hata herufi moja. Kisha akaufungua ukurasa wa mbele, akausoma kwa sauti, neno kwa neno. Kisanduku kilirefuka kikawa kibaya, kimeachana na wenzake. Hakuna aliyecheka.

Nesi akavaa kofia yake. Alimchukua Chapchap mpaka kitandani kwa Kitinda, ambaye alikuwa amekaa, macho makavu, anataka maji.

"Mpe," nesi akasema, akamkabidhi kikombe. "Yamechemka."

Ndipo ganzi ilipomtoka Chapchap na michomo yake, kikombe kikainama, maji yakamwagika kwenye shuka, akalia kwa sauti kubwa isiyo na aibu. Nesi alimwacha alie. Mama alisimama nyuma yake, ameshika bega lake.

"Sikiliza, mwanangu," nesi akasema alipotulia. "Kukosea ni kwa wote, hata mimi nakosea. Lakini ukilirekebisha kosa kwa kificho, mzigo wake unamtwisha mwingine. Ukikosea, rekebisha, kisha useme. Tena useme mapema, kabla hujaulizwa."

"Nimekusikia."

"Vizuri. Sasa jaza kikombe upya. Na usikimbie."

Akaenda nacho hatua kwa hatua, macho kwenye maji.