Jumla Iliyopungua

Kila asubuhi, baada ya uji na mkate, meza ya jikoni nyumbani kwa kina Belyse iligeuka kuwa darasa. Upande mmoja alikaa mama yake, Goreth, na cherehani yake. Upande wa pili alikaa Belyse, msichana wa miaka kumi na miwili, na daftari lake. Kutoka dirishani, ghorofa ya saba, zilisikika honi za teksi za Joubert Park na sauti za wauza ndizi waliopanga bidhaa zao kando ya barabara.

Belyse hakuwa anasoma shuleni mwaka ule. Familia yake, Warundi waliokaa Afrika Kusini kwa miaka mingi, ilihamia Johannesburg kutoka Pretoria katikati ya muhula, na shule ya jirani ilikuwa imejaa. Mwalimu mkuu aliwaambia wamfundishe nyumbani hadi nafasi ipatikane. Kisha angefanya mtihani wa kupimwa, na matokeo yake ndiyo yangeamua kama angeingia darasa la sita na wenzake, au angerudishwa la tano.

"Kurudi nyuma, hapana," alisema baba yake, Ildephonse, aliyefanya kazi ya ulinzi katika duka la viatu. "Mama yako atakufundisha. Wewe sikiliza tu."

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano. Kila siku Belyse alizihesabu siku zilizobaki kwenye kalenda ukutani.

Kusoma na kuandika hakukumsumbua. Hesabu ndiyo ilikuwa shida. Walikuwa na kitabu cha mwanafunzi peke yake, chenye maswali mengi na maelezo machache. Jirani yao wa ghorofa ya pili, Marcelline, aliwaonea huruma. Alikuwa Mkongo kutoka Bukavu. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sasa alikuwa na saluni ya kusuka nywele. Siku moja alipanda ngazi hadi ghorofa ya saba, maana lifti ilikuwa mbovu, akaweka mezani kitabu kinene chenye jalada la bluu.

"Maman Belyse, hiki ni kiongozi cha mwalimu. Kinaenda pamoja na kile cha mtoto," alisema huku akihema. "Kaa nacho wiki mbili. Ukiona hukihitaji, nirudishie. Kuna mama mwingine kule mtaa wa Observatory, anaitwa Kidawa, naye anafundisha wanawe nyumbani. Anakitaka."

"Asante, Dada Marcelline," alisema Goreth. "Lakini hesabu za watoto! Mimi nimewashonea watu suti miaka kumi na mitano. Nitashindwa na nusu na robo?"

Marcelline alicheka. "Kujua ni kitu kimoja, Maman Belyse. Kumfanya mwingine ajue ni kitu kingine."

Alipoondoka, Goreth alifungua kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye alisoma kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kupokea wateja. Alipindua kurasa haraka hadi nyuma kabisa, palipokuwa na orodha ya majibu. Hapo uso wake ukachangamka.

"Haya," alisema. "Hiki kitanisaidia kusahihisha. Yaliyobaki nayajua."

Siku iliyofuata walianza kujumlisha sehemu. Goreth aliandika nusu na robo haraka, mguu mmoja ukiwa bado kwenye cherehani.

"Ni rahisi. Namba za juu unajumlisha na za juu. Za chini unajumlisha na za chini. Umeona? Haya, fanya kumi."

Belyse alifanya yote kumi kama alivyoelekezwa. Alipomaliza, mama yake alichukua kalamu nyekundu, akafungua orodha ya majibu, akaanza kusahihisha. Kosa. Kosa. Kosa. Yote kumi yalikuwa makosa.

"Belyse! Hukunisikiliza hata kidogo?"

"Nilisikiliza, Mama."

"Ungesikiliza usingekosa yote. Mtihani unakuja, na wewe akili iko dirishani!"

Belyse aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba amefuata kila neno, kwamba labda njia yenyewe ina kasoro. Lakini aliyaona macho ya mama yake, mekundu kwa uchovu wa kushona, na pini alizozibana midomoni. Je, atamwambia mama yake kwamba yeye mama ndiye asiyejua? Akafungua ukurasa mpya.

Kesho yake, Goreth aliposhuka kumpelekea mteja sketi, Belyse alibaki peke yake na maswali mengine kumi. Kitabu cha bluu kilikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa. Alijiambia atatazama jibu moja tu, ili ajue anakosea wapi. Akatazama moja, kisha la pili. Jibu halikumwonyesha alikokosea. Lilikuwa namba tu. Mwishowe alinakili yote kumi na kukirudisha kitabu pale pale.

Mama yake aliporudi na kusahihisha, alipiga meza kwa furaha. "Kumi kwa kumi! Si nilikwambia? Ulihitaji kusikiliza tu."

Jioni hiyo Goreth alimwonyesha Ildephonse daftari, naye akamsifu binti yake. Belyse alitabasamu, kisha akalifunga daftari haraka.

Ikawa hivyo kwa siku kumi. Tiki nyekundu ziliongezeka daftarini na hofu ikaongezeka moyoni mwake. Kwenye chumba cha mtihani hakutakuwa na droo. Mara mbili aliamua kusema kweli, na mara mbili mama yake alimtangulia kwa kumsifu mbele ya mteja. Baada ya hapo, kusema kulikuwa kugumu zaidi.

Wiki mbili zilipokwisha, siku ya Jumamosi, Goreth alifanya uamuzi.

"Mpelekee Tantine Marcelline kitabu chake. Mwambie asante, hatukihitaji. Mtoto anapata kumi kwa kumi na mimi sijasoma hata ukurasa mmoja. Hesabu nitazipiga mwenyewe."

Belyse alishuka ngazi polepole, kitabu kikiwa kizito mikononi kama tofali. Marcelline alikipokea, akamtazama kidogo.

"Mama amekisoma?"

"Amesema hatukihitaji, Tantine."

"Sawa. Kidawa atakuja kukichukua saa kumi."

Belyse aliporudi juu, alimkuta mama yake amejaa kazi. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa imeagiza majoho sita ya kuimbia kesho yake, na Marcelline ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya hiyo. Majoho yalikuwa tayari, ila hayakuwa na lesi. Mezani palikuwa na lesi ya rangi ya dhahabu, mita tano kamili, iliyonunuliwa kwa Mwadini, Mtanzania mwenye duka la vifungo na nyuzi mjini. Ilikuwa ya mwisho. Mwadini alisema aina hiyo imekwisha.

"Belyse, leo hesabu yako ifanye kazi," alisema Goreth kwa fahari. "Kila joho linahitaji lesi ya nusu mita kuzunguka kola, na theluthi ya mita kushuka kifuani. Iwe kipande kimoja kisichokatika. Piga hesabu, pima kwa utepe wa kupimia, kata vipande sita. Mimi nakimbia kutafuta uzi wa dhahabu."

Mlango ulifungwa. Belyse alibaki na mkasi. Nusu kuongeza theluthi. Akaandika: juu, moja na moja, mbili. Chini, mbili na tatu, tano. Mbili juu ya tano. Mita moja ina sentimita mia. Ukiigawa mara tano, kila sehemu ni ishirini. Sehemu mbili ni arobaini. Kitu fulani kilimsumbua, lakini alikuwa na haraka, na hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua. Akapima sentimita arobaini na kukata. Akakata tena, mpaka vikawa sita.

Kisha alichukua kipande kimoja, akakijaribu kwenye kola ya joho. Hakikuweza hata kuizunguka shingo. Sembuse kushuka kifuani!

Alijaribu kipande cha pili na cha tatu, kana kwamba vingerefuka. Lesi ya mwisho, na kwaya inaimba kesho! Hatua za mama yake zilisikika kwenye korido.

Goreth aliingia, akaona vipande, akaganda. "Hii nini?"

"Mama... lesi ilikuwa fupi," Belyse alisikia mdomo wake ukisema. "Haikutosha, ndiyo nikagawa hivyo."

"Fupi? Nililipia mita tano!" Goreth aligeuka, akavuta kilemba chake kutoka kwenye kiti. "Mwadini amenipunja! Miaka yote nanunua kwake, leo ananifanyia hivi? Ataniambia mbele ya wateja wake!"

Akatoka kwa hasira. Belyse alisimama mlangoni akisikiliza viatu vya mama yake vikishuka ngazi. Alimfahamu Mwadini. Alikuwa mzee mpole aliyempa vifungo vya kuchezea alipokuwa mdogo, walipokuja mjini kutoka Pretoria kununua nyuzi. Sasa angeitwa mwizi mbele za watu. Ghorofa ya sita. Ya tano.

"Mama!" Belyse alipaza sauti, akakimbia. Alimpata kwenye kona ya ghorofa ya nne, akamshika mkono. "Mama, usiende. Lesi haikuwa fupi. Mita tano zilikuwa kamili. Mimi ndiye niliyekata vibaya. Na zile kumi kwa kumi... nilinakili nyuma ya kitabu. Zote."

Goreth aliketi kwenye ngazi, kilemba mkononi. Mtu mmoja mwenye ndoo ya maji aliwapita akisema "samahani," wakampisha.

"Onyesha ulivyopiga hesabu," alisema.

Belyse aliandika kwa kidole kwenye vumbi la ukuta. Goreth alizitazama namba. Kisha akapima hewani kwa mikono yake, kama anavyopima kitambaa.

"Nusu mita peke yake ni hamsini," alisema taratibu. "Umeongeza theluthi juu yake, ikawa arobaini. Unaongezaje kitu kikapungua?"

"Ndivyo ulivyonifundisha, Mama. Juu kwa juu, chini kwa chini. Siku ile ya kwanza nilifuata hivyo hivyo, nikakosa yote."

Goreth alifunika uso kwa viganja. Belyse alingoja kofi au makaripio. Havikuja.

"Kumbe ni mimi," mama yake alisema. "Nilikuwa nasahihisha bila kupiga hata hesabu moja. Twende kwa Marcelline. Nina mambo mawili ya kumwambia, na yote ni mazito."

Walimkuta saluni, akimalizia kusuka. Goreth alimweleza habari ya lesi bila kuficha, kisha habari ya kitabu. "Sikukisoma kwa sababu Kiingereza chake kinanishinda," alisema. "Niliona aibu."

Marcelline aliosha mikono, akakichukua kitabu cha bluu kutoka kwenye rafu, akafungua ukurasa wa kujumlisha sehemu. Alisoma kimya kwanza, kisha akawatafsiria: "'Watoto wengi hujumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini. Waulize: je, jumla yaweza kuwa ndogo kuliko sehemu uliyoanza nayo? Wape karatasi waikunje.'"

Goreth alishtuka. "Wameandika kosa langu!"

"Wameandika kosa la kila mtu. Nami nililifanya, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha."

Alichukua ukanda wa karatasi, akaukunja sehemu sita zilizo sawa. Nusu yake ilikuwa vipande vitatu. Theluthi yake ilikuwa vipande viwili. Belyse alihesabu kwa kidole: vitano kati ya sita. Akahesabu tena. Kwa mara ya kwanza aliliona jibu kabla ya kuliandika.

"Tano juu ya sita," alisema. "Kama sentimita themanini na tatu. Eish, na mimi nilikata arobaini!"

Kidawa alifika saa kumi kamili, mwanamke mchangamfu mwenye mkoba mkubwa. Alipoelezwa, alisema, "Basi tugawane. Wiki moja kikae hapa, wiki moja Observatory. Na mimi kuna kurasa sizielewi, tutaulizana."

Kuhusu majoho, Belyse na mama yake walikaa pamoja mezani wakapiga hesabu. Vile vipande sita vya arobaini vilitosha vya kifuani. Lesi iliyobaki ilikuwa mita mbili na sentimita sitini, nayo ikatoa kola tano. Kola ya sita ilikosekana.

"Hilo litakuwa langu," alisema Marcelline. "Kiongozi aonekane tofauti kidogo. Ila mshono wa begani, lesi zinapoungana, uufiche vizuri!"

Jumatatu, Goreth alizibana kurasa za majibu kwa pini za kushonea. Kisha wakaanza upya, Belyse akisoma Kiingereza, mama yake akichora na kukata vitambaa chakavu. Kila swali walilifanya wote wawili, kila mmoja kwenye karatasi yake, wakalinganisha. Siku nyingine walibishana hadi chai ikapoa.

Siku ya mtihani Belyse alijibu maswali kwa akili yake mwenyewe. Matokeo yalikuja baada ya juma moja: sabini na moja kwa mia. Hayakuwa kumi kwa kumi, lakini yalimwingiza darasa la sita.

Wakirudi nyumbani kutoka shuleni walisimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na bustani ya Joubert Park, wakingoja taa ya kijani. Goreth alimshika binti yake mkono.

"Nisikilize, mwanangu. Wewe ulificha kwamba huelewi, na mimi nilificha kwamba sijui. Tukadanganyana kila siku mezani, na karibu tumchafulie jina mtu asiye na kosa. Sabini na moja hii ni yako mwenyewe, nami naifurahia kuliko zile kumi zote. Usipoelewa, sema siku hiyo hiyo, hata kama anayekufundisha ni mama yako. Na mimi nisipojua, nitafungua kitabu, au nitauliza."

"Ndiyo, Mama."

Taa ikawaka kijani, wakavuka.