Shahidi wa Macho

Adhuhuri ile fundi cherehani alivuta kiti ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu, akakikuta kina joto. Mdogo wake wa kike akamwambia asikikalie, kina mwenyewe.

Fundi akaona amepata sababu ya kumwondoa mdogo wake nyumbani. Kusema kweli, wivu ulikuwa unamla. Tangu mdogo mtu ahamie kwao, mumewe amekuwa mcheshi mezani, na utani wote unaelekea upande mmoja. Kumbe hata huyo mwenye kiti hakuupenda: kila mara mume alipocheka, nyumba ilinuka nywele zilizoungua.

Akaenda hospitali. Daktari akamweleza kuwa sheria haimlazi mtu kwa nguvu eti anaongea peke yake; lazima awe hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, na awepo aliyeshuhudia. Fundi akarudi kwenye cherehani, akawasha pasi, akajibandika mkononi. Kesho yake akala kiapo kwamba aliyemuunguza ni mdogo wake.

Mdogo mtu hakubisha. Akipandishwa gari alimnong'oneza, "Dada, mwenye kile kiti ameniacha tangu jana, ulipoishika pasi. Anapenda wenye wivu kama yeye."

Wiki haikuisha. Mume alikuwa mlangoni akicheka na mteja aliyefuata gauni lake, na fundi akasikia kiti kinaburutwa nyuma yake, pumzi ya moto ikamtua shingoni, na sauti ya taratibu, karibu ya mapenzi, ikamuuliza, wewe anakuchekea lini, na kabla hajajua anafanya nini mkono wake ulikuwa umeshainua pasi na mume anapiga yowe.

Safari hii alikwenda kuomba afungiwe yeye. Alikiri yote, hata uongo wa kiapo. Daktari akaahidi kulifuatilia la mdogo wake, lakini wodi imejaa, wanaojileta wenyewe wanangoja miezi. Anayelazwa siku hiyo hiyo ni wa hatari tu, tena kwa ushahidi. Akamgeukia mume, aliyefungwa bandeji shingoni.

"Nani alikuunguza?"

Fundi alimtazama mumewe akimwomba kimyakimya aseme kweli. Naye akamtazama kwa lile penzi alilolililia mwaka mzima.

"Nilijiunguza mwenyewe, daktari. Mke wangu hawezi kumdhuru mtu."

Akamshika mkono wakatoka. Mapokezini alimtania muuguzi, muuguzi akacheka, na fundi akahisi kiganja chake kinaanza kupata moto. Akajaribu kukichomoa. Mumewe, kwa huruma, akazidi kukibana.